Hodi wakati wa giza

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa mtaa, Igombe, wilayani Ilemela, Mwanza. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikipunguza marudio.)

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mabalozi, ninyi wajumbe wetu wa nyumba kumi, wazee wetu, mama zangu mliotoka kuanika dagaa, na ninyi vijana mliorudi ziwani alfajiri na bado hamjalala: mwadila! Asanteni kwa kuja jua likiwa kali namna hii. Nitajitahidi kusema jambo moja nilimalize.

Kalenda ya hapa mnaijua kuliko mimi. Mwezi ukiwa mpevu, boti za dagaa zinalala mchangani na wanaume wanaonekana mitaani. Giza likiingia, yaani siku zisizo na mwezi, jioni wanapakia taa na nyavu, wanaondoka, na nyumba zinabaki na wanawake, watoto na bibi zetu. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kuingia nyumbani usiku bila ruhusa ya mwenyewe, kwa wanasheria wa mjini ni swali la vitabuni. Huku kwetu ni swali la mama aliyelala na watoto wanne na komeo la mbao.

Nilikuwa kidato cha pili. Ulikuwa usiku wa giza kama siku hizi tunazoziendea, baba yuko ziwani. Mlango uligongwa kwa nguvu, sauti ikasema, "Fungua, polisi." Mama akafungua, akasema neno alilofundishwa tangu akiwa mtoto, neno ambalo kila mmoja wetu hulitoa mtu akipiga hodi: "Karibuni." Wakaingia wanne, wawili hawana sare. Walisema wanatafuta mashine ya boti iliyoibwa. Waligeuza magodoro, wakamwaga mchele uliokuwa kwenye ndoo, wakachungulia mpaka ndani ya sufuria. Mashine hawakuikuta. Waliondoka na redio yetu na shilingi alizokuwa ameweka mama chini ya kanga kabatini. Hawakuacha hata kipande cha karatasi.

Asubuhi mama alikwenda kuuliza. Akaulizwa, una nini kinachoonyesha redio ilichukuliwa kwako? Hakuwa nacho. Kituo sitakitaja, na wale wanne majina yao sijayajua mpaka leo. Baba aliporudi aliuliza swali moja tu: "Uliwakaribisha?" Mama akajibu, "Ningesemaje?"

Hilo swali la mama ndilo lililonifanya niwe msaidizi wa kisheria. Nimekuja kulijibu leo, miaka mingi baadaye.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na pia "hifadhi ya maskani yake". Sikilizeni neno hilo, maskani. Halikusema nyumba yenye hati miliki. Ukipanga chumba kimoja cha mabati Igogo, juu ya mawe kule ambako ukikohoa jirani anakuambia pole, hicho ni maskani yako. Ukilala kwenye kibanda cha makuti mwaloni, pale zinapotua boti, ni maskani yako. Ibara hiyo hiyo inaipa mamlaka ya nchi kazi ya kuweka utaratibu wa lini na vipi haki hii inaweza kuingiliwa, na huo utaratibu ndio tunaouzungumzia.

Utaratibu umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Nikitaja kifungu, natumia namba za toleo la 2022. Sheria ikichapwa upya namba huweza kusogea, kwa hiyo shikeni maneno kuliko namba.

Njia ya kawaida ni hati ya upekuzi. Wengi mnaamini hati lazima itoke kwa hakimu. Mahakama inatoa, ni kweli, lakini kifungu cha 38 kinampa uwezo pia mkuu wa kituo cha polisi. Anaweza kuja kupekua mwenyewe, au akamwandikia askari aliye chini yake idhini ya kupekua. Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi isiyo na muhuri wa mahakama, usikimbilie kusema ni feki. Soma. Imesainiwa na mkuu wa kituo? Imetaja nyumba gani, na wanatafuta nini?

Ila mkuu wa kituo naye hakupewa rungu. Sheria inamtaka aridhike kwamba kuna sababu za msingi za kushuku kuwa ndani ya nyumba hiyo kuna kitu kinachohusika na kosa, na pia aridhike kwamba kuchelewa kutafanya kitu hicho kiondolewe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali. Akishatoa idhini, lazima hakimu apewe taarifa mapema inavyowezekana: kwa nini ilitolewa na kilichopatikana. Maana yake ni kwamba upekuzi wa nyumba yako unatakiwa kuacha nyayo kwenye makaratasi ya watu wengine, hata kama wewe hujui kusoma. Wale waliokuja nyumbani kwetu hawakuacha unyayo popote.

Halafu saa. Hati ya upekuzi inatekelezwa siku yoyote, hata Jumapili, lakini kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Wakitaka kuja usiku, waombe mahakama iwaruhusu saa hiyo. Mama zangu, hili liwekeni moyoni kwa ajili ya majira ya giza. Ukiletewa hati saa saba za usiku, una haki ya kuuliza kwa adabu: mahakama imeruhusu saa hii?

Sasa nifike kwenye kilichotuleta hapa. Ni lini polisi anaingia bila hati na bila wewe kumruhusu, na sheria ikawa upande wake?

Ya kwanza ni dharura, kifungu cha 42. Hapa askari anaweza kuingia kwenye ardhi, jengo, chombo cha majini au gari bila hati yoyote. Lakini sheria imefunga mafundo mawili, na yote mawili lazima yawepo. Awe anaamini, kwa sababu za msingi, kwamba kuingia ni lazima ili kitu kinachohusiana na kosa kisipotee au kisiharibiwe. Na mazingira yawe mazito na ya haraka kiasi cha kuhalalisha kuingia papo hapo bila amri ya mahakama.

Nitoe mfano wa hapa hapa. Mashine ya boti imeibwa usiku huu. Mtu ameonekana ameibeba begani, amekata kona kwenye kichochoro, ameingia nyumba fulani, na boti ya kuipeleka visiwani imeshawashwa pale ufukweni. Askari aende kwanza mjini kutafuta hati? Akirudi mashine iko Ukerewe, imeshabadilishwa rangi. Hapo anaingia, na mimi niliyesimama hapa kuwatetea nitasema aliingia kihalali. Mliowahi kuibiwa mashine mnajua maana yake. Kuna familia hapa zilirudi kwenye sifuri kwa mashine moja.

Geuza mfano. Wiki iliyopita mtu alipeleka maneno kituoni kwamba wewe una nyavu za makila, zile zilizokatazwa, stoo. Jumatatu imepita, Jumanne imepita, Jumatano wanakuja kumi na wawili na gari, hakuna karatasi, wanasema ni dharura. Dharura gani iliyolala siku zote hizo? Muda wa kupanga safari, kutafuta mafuta na kukusanya askari ulikuwepo. Muda wa kuandika karatasi moja ulikosekana wapi? Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshalizungumzia jambo la namna hii. Katika rufaa ya jinai namba 390 ya mwaka 2019, iliyotoka Mtwara, ilisema upekuzi uliofanywa bila hati wakati hakukuwa na dharura haukuwa halali. Na maelekezo ya Jeshi la Polisi lenyewe, yale wanayoyaita PGO (Police General Orders), namba 226, yanasema hivyo hivyo: nyumba ya mtu inaingiwa kwa hati, au kwa uwezo maalumu uliotajwa na sheria. Kwa hiyo ukimwuliza askari habari ya hati humfundishi kitu kigeni. Limo ndani ya mafunzo yake.

Ya pili ni kumkamata mtu. Hii watu wengi wanaichanganya na upekuzi. Askari mwenye haki ya kumkamata mtu, akiwa na sababu ya kuamini kwamba huyo mtu yuko ndani ya nyumba fulani, mwenye nyumba anatakiwa amruhusu aingie amtafute. Akikataliwa, na akiwa ameshajitambulisha, ameeleza kilichomleta na ameomba afunguliwe, sheria inamruhusu kuvunja mlango. Mmesikia mpangilio? Ajitambulishe, aseme shida yake, aombe. Hiyo ni hodi. Sheria haikutumia neno hilo, lakini kila Mswahili akisoma kifungu hicho anaiona hodi imekaa pale katikati. Na aliyeingia kumtafuta mtu atafute mtu. Mtu hakai ndani ya ndoo ya mchele.

Ya tatu naisema kwa uchungu, kwa sababu ni ya kina mama. Mwanamke anapigwa ndani, anapiga mwano wa kuomba msaada, watoto wanalia. Askari wanapita. Mume anatokea mlangoni anasema, haya ni mambo ya ndani, hamna ruhusa kwangu. Askari anayeona kosa linatendeka mbele yake ana uwezo wa kukamata bila hati, na hakuna hakimu wa kungojwa wakati mtu anauawa. Mlango wa nyumba umewekewa hifadhi ili waliomo wawe salama. Nimesikia kwenye mtaa mmoja mwanaume anatumia hii Ibara ya 16 kuwazuia watu wasimwokoe mkewe, na majirani wakarudi nyuma kwa kuheshimu. Msirudi nyuma. Iteni polisi, na wakija waonyesheni mlango.

Kuna sheria nyingine zenye milango yake. Ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 imewapa maofisa wake uwezo mpana, nisiingie huko leo. Ile ya wanyamapori ya mwaka 2009 inawagusa ndugu zenu walioko Busega na Bunda, kandokando ya Serengeti. Inaruhusu upekuzi bila hati, lakini ikifika kwenye nyumba ya kuishi inasimama: usiingie bila hati isipokuwa awepo angalau shahidi mmoja huru. Mnaona? Hata sheria kali kama ile, ikifika kwenye kizingiti cha nyumba inavua viatu.

Na uvuvi. Mnakumbuka mwaka 2018, operesheni dhidi ya uvuvi haramu katika ziwa hili. Sitetei nyavu za kokoro wala makila. Sangara wa chini ya sentimita 50 akivuliwa leo, mwanangu atavua maji. Lakini mwaka ule maofisa uvuvi walipoingia kantini ya Bunge kule Dodoma na rula kupima samaki, nchi nzima ilishtuka na kujadili kama ni sawa. Mimi nilijiuliza, majiko ya mama zetu yaliyofunuliwa ziwa zima hili, nani alishtuka? Jiko la mama Igombe na kantini ya Bunge vyote vina mlango.

Na sungusungu, maana najua mtaniuliza. Sungusungu ni wetu, wamezaliwa Usukumani, na waliturudishia ng'ombe wengi. Sheria ya mwaka 1989 iliyowatambua haikuwaweka juu ya polisi. Kama askari hawezi kuingia kwako kwa uvumi tu, mwanasungusungu hawezi pia, awe na filimbi au asiwe nayo.

Sasa nirudi kwa mama yangu. Ningesemaje?

Sikushauri upambane. Kumzuia askari anayefanya kazi yake halali ni kosa, na hata kama kazi yake si halali, wewe na panga lako mlangoni usiku mtaonekana ninyi ndio wahalifu. Usimsukume, usimtukane, usikimbie na kitu mkononi. Maneno yanatosha. Kabla ya kufungua, uliza kwa sauti ambayo jirani anaisikia: ni nani, unatoka kituo gani, jina lako nani? Asiye na sare aonyeshe kitambulisho, hata kwa tochi dirishani. Kisha: mna hati? Mnatafuta nini? Na kisha sentensi hii, naomba tuiseme wote: "Siwazuii, lakini sijawaruhusu. Naomba mjumbe aitwe."

Tuiseme tena. Na wewe bibi wa mbele, nakuona unacheka, iseme. Asante, bibi.

Kwa nini nasisitiza hiyo? Kwa sababu ya ile karibu. Sisi tumelelewa kwamba mgeni akipiga hodi anakaribishwa, na ni malezi mazuri, sitaki yafe. Lakini siku ya kesi shahidi atasimama aseme, tulifika, tukapiga hodi, mwenye nyumba akatukaribisha tupekue. Utamjibu nini? Karibu uliyoitoa kwa adabu itasomwa kama ruhusa. Mkaribishe mjumbe, mkaribishe jirani. Mwenye kuja kupekua mwambie tu kwamba humzuii.

Hapa nageukia kwa mwenyekiti na mabalozi, na samahani kama nitasema kwa ukali kidogo. Ninyi ndio shahidi huru anayetajwa kila mahali. Mmezoea kuitwa saa mbili asubuhi, kazi imekwisha, mnapewa karatasi na kalamu: balozi, saini hapa. Unasaini kwamba ulishuhudia kitu kilichofanyika ukiwa umelala! Ukisaini hivyo unaweza kumfunga mtu asiye na kosa. Pia unaweza kumwachia huru jambazi, kwa sababu wakili wake atakuuliza ulisimama wapi, mfuko ulitolewa upande gani wa kitanda, na wewe utababaika. Nendeni mwanzo. Muwaombe askari nao waonyeshe mikono na mifuko kabla ya kuingia, wanaojua kazi yao hawakatai. Ingieni chumba kimoja kimoja, wote pamoja, mwenye nyumba akiwepo. Atakayepekuliwa mwili akiwa mwanamke, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha; hiyo nayo ni sheria. Na usisaini karatasi yenye nafasi tupu.

Kikichukuliwa kitu, karatasi. Kifungu cha 38 kinataka risiti itolewe ya kilichochukuliwa, yenye sahihi ya mwenye nyumba au anayekaa humo au ndugu wa karibu, na sahihi za mashahidi kama walikuwepo. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 384 ya mwaka 2008, ilieleza sababu: ionekane kwamba kitu kilitoka pale kilipotajwa na si kwingine, na yale malalamiko ya kubambikiwa yapungue. Siku hizi mara nyingi hutumika hati ya ukamataji mali iliyosainiwa na wote. Ukiwa na mabondo ya sangara, vile vibofu vya ndani ya samaki, ndani ya nyumba, na mnajua bei ya mabondo ilivyo, hakikisha yameandikwa kilo ngapi. "Mfuko mmoja wa mabondo" haitoshi. Mfuko wa kilo tatu unaweza kufika kituoni una kilo moja, na utathibitisha vipi?

Nisiwadanganye kuhusu jambo moja. Kuna watu wanasema mitaani kwamba wakikupekua bila hati kesi inakufa hapo hapo. Sivyo. Kifungu cha 169 kinaipa mahakama uwezo wa kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria hii, lakini hakimu anapima: kosa la askari lilikuwa zito kiasi gani, ushahidi una umuhimu gani, haki inataka nini. Wapo walioshinda na wapo walioshindwa. Kinachompa hakimu cha kupima ni yale mliyoyaona na kuyakumbuka: saa, majina, nani aliingia kwanza, mjumbe alifika lini. Andikeni usiku huo huo, hata nyuma ya daftari la mtoto.

Ukiwa na malalamiko, anza kwa mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kamanda wa mkoa. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na tupo sisi wasaidizi wa kisheria, tunaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017; hatutozi hela, na atakayekutoza njoo uniambie.

Askari waliopo hapa, nimewaona wawili pale kwenye mti, karibuni mkae mbele. Hii naisema kwa dhati. Kaka yangu mdogo anataka kuingia jeshini kwenu, na mimi ndiye niliyemjazia fomu. Nataka akija kugonga mlango wa mtu hapa Igombe, mama aliyemo ndani asitetemeke.

Mama alifariki akiwa bado anasimulia ile redio. Ilikuwa na mkanda wa ngozi na betri nne, na kila asubuhi alisikilizia taarifa ya habari kabla ya kwenda kuanika.

Keshokutwa giza linaanza. Mwenyekiti ameahidi kwamba namba za simu za mabalozi wote zitabandikwa leo kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa na pale penye mizani mwaloni. Zinakilini kabla boti hazijaondoka. Na kama kuna mtu aliwahi kuachiwa karatasi yoyote na hajui inasemaje, ameileta? Basi tuanze na wewe mama mwenye kitenge cha bluu.